Vifupisho vya Kiingereza vikikukwamisha: tafuta dalili yako hapa

Mtu anaweza kumaliza kidato cha nne, akasoma gazeti la Kiingereza bila kushika kamusi, na bado akajikwaa kwenye I'd au can't. Anayefundisha watu wazima Kiingereza huyazoea makosa haya haraka, kwa sababu ni yaleyale kila darasa, na karibu yote yana chanzo kinachoonekana. Tafuta dalili inayofanana na yako na uanzie hapo. Si lazima usome kwa mfululizo.

Lakini kwanza fanya jaribio moja linalofaa kwa dalili zote: kifungue kifupisho. Ulipoandika it's, soma kwa sauti “it is”. Ulipoandika I'm, soma “I am”. Sentensi ikisimama, kosa liko kwingine. Ikianguka, umeshajua pa kurekebisha. Jaribio hilo lisipotosha, sikiliza mkazo wa sauti. Kiingereza hubana neno lisilobeba mkazo, na neno hilohilo likipewa mkazo hurudi kuwa zima. Isipokuwa not: hiyo hubanwa, na kitenzi kilichoibeba hubaki na nguvu yake. Kumbuka tofauti hiyo, utaihitaji kwenye can't.

Dalili: “I'm live in Tanga”, “I'm agree”, “Am coming”

Hili linaongoza kwa Afrika Mashariki. Chanzo kikubwa ni somo la siku ya kwanza: I'm Asha, I'm a student, I'm from Tanga. Mdomo unaizoea I'm kama donge moja lenye maana ya “mimi”, kisha kila sentensi inayoanza na ni- inafunguliwa kwa donge hilo. Ninaishi inageuka “I'm live”. Nakubali inageuka “I'm agree”.

Kifungue: “I am live in Tanga”. Sasa unasikia vitenzi viwili vikigombania kiti kimoja. Tazama kinachofuata. Kama ni jina, sifa, mahali au kitenzi chenye -ing, I'm ni sahihi: I'm a nurse, I'm tired, I'm at home, I'm cooking. Kama ni kitenzi kitupu, toa 'm: I live, I agree, I come from Mwanza. Ukishindwa kuizoea, kaa wiki nzima bila kutumia I'm kabisa. Sema I am kwa ukamilifu wake na donge litavunjika lenyewe.

“Am fine” na “Am on the way” ni ndugu wa kosa hilo, ila asili yake ni sikio. I'm ikisemwa haraka husikika kama am tu, na kwa mtu wa Kiswahili sentensi isiyo na kiwakilishi peke yake haina upungufu wowote. “Niko njiani” imekamilika. Nani anahitaji kutanguliza “mimi”? Kwa Kiingereza, am ikitangulia watu wanatarajia swali: Am I late? Kwenye gumzo la marafiki hakuna atakayeshindwa kukuelewa, na kusema kweli sioni haja ya kumsahihisha mtu huko. Kwenye barua pepe ya kuomba kazi ni jambo jingine, maana hilo ndilo neno la kwanza msomaji analokutana nalo.

Dalili: “I didn't went”, “She doesn't knows”, “He don't”

Dawa ya hili umezaliwa nayo. Nilisoma ikikanushwa inakuwa sikusoma: -li- imeondoka pale -ku- ilipoingia, kwa sababu wakati hutajwa mara moja tu. Ukimsikia mtu akisema “sikulisoma”, hiyo -li- si ya wakati, ni ya kitu kilichosomwa, kama gazeti. Did hufanya kazi ya -ku- yako. Imeshabeba wakati uliopita, hivyo kitenzi kinabaki kitupu: I didn't go. Vivyo hivyo kwa doesn't: ile s ya knows imehamia kwenye does, na haiwezi kuwa sehemu mbili. She doesn't know.

“He don't” mara nyingi hutoka kwenye nyimbo na filamu, pamoja na ain't na “I don't have nothing”. Wanaosema hivyo kule Marekani na Uingereza hawajakosea kwa lahaja zao. Lahaja hizo zina kanuni zake. Tatizo ni kwamba msahihishaji wa mtihani na bosi wako hawatumii lahaja hiyo. Kwa ukanushi maradufu, fuata tena Kiswahili: katika “sina chochote”, si- ndiyo inayokanusha, na chochote haikanushi kitu. I don't have anything.

Dalili: umesema can, wao wamesikia can't (au kinyume chake)

Hapa ndipo hasara huwa kubwa, kwa hiyo twende taratibu.

Chanzo cha kwanza, tena kwa mbali, ni kwamba tunaitamka can kwa ukamilifu mno. Kiswahili hulipa kila silabi haki yake. Kiingereza hakifanyi hivyo. Katika “I can come on Monday”, msemaji wa kawaida huimeza can mpaka inabaki kama kn, na sauti yote inatua kwenye come. Katika “I can't come on Monday”, sauti inatua kwenye can't yenyewe. Kwa hiyo msikilizaji haingoji t. Anasikiliza uzito uko wapi. Sisi tunasema “ai KAN kam”, kwa can nzito na safi, naye anaandika kwamba Jumatatu hutakuja.

Chanzo cha pili kiko upande wao. Wamarekani wengi hawaiachii t ya mwisho. Pumzi inakatwa kooni na husikii chochote, hivyo ukikaa kuisubiri t utasubiri sana. Cha tatu ni irabu: kusini mwa Uingereza can't hutamkwa kwa aa ndefu, karibu na “kaant”, wakati Marekani irabu ya can't inafanana na ya can inapotamkwa kwa mkazo. Aliyezoea redio ya Kiingereza cha Uingereza akipokea simu kutoka Chicago atapotea.

Uchunguzi mwepesi: mwambie mwenzako akupe mgongo asione mdomo wako. Sema sentensi kadhaa, nyingine za can, nyingine za can't, bila mpangilio. Anyooshe mkono kila anaposikia ukanushi. Akinyoosha kwenye can, unaitamka nzito mno.

Marekebisho: gonga meza kwa kidole pale mkazo unapotua. “I c'n COME”, gonga kwenye come. “I CAN'T come”, gonga kwenye can't. Fanya hivyo kwa vitenzi vya kazi yako: I can check, I can't open, I can send. Mwanzoni utajiona unanung'unika, na ni sawa. Na kama mkutano ni kesho na huna muda wa mazoezi, zikwepe zote mbili: sema cannot kwa silabi zake mbili, au “I'm able to” na “I'm not able to”. Wale wanaosema “kanti”, yenye i mwishoni, huchekwa, lakini angalau wanaeleweka.

Usidhani ni udhaifu wa wageni tu. Mwongozo wa uandishi wa tovuti ya serikali ya Uingereza unawataka waandishi waepuke can't na don't, kwa sababu wasomaji wengi huona ugumu kuyasoma au huyaelewa kinyume. Baharini wamekwenda mbali zaidi. Misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini mwaka 2001, ilitungwa kwa makusudi bila vifupisho. Nahodha anayeingia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hatakiwi kubahatisha t kwenye redio yenye mikwaruzo. Marubani nao wana neno lao, unable, na hapo can't haina kazi.

Simama hapa: kama jambo ni kipimo cha dawa, kiasi cha fedha, muda wa ndege au usalama wa mashine, usitegemee sikio. Uliza “Can, or cannot?” na ungoje jibu zima, ikiwezekana kwa maandishi.

Dalili: umejibu “Yes” na mambo yakaharibika

Mapokezi ya hoteli. Mhudumu: “Haven't you paid?” Mgeni, mtu wetu, anajibu “Yes”. Mhudumu anatabasamu, anamkabidhi funguo. Kumbe mgeni alimaanisha “ndiyo, sijalipa”, na asubuhi inakuwa kesi.

Kwa Kiswahili, “Hujalipa?” inajibiwa “Ndiyo, sijalipa”, ndiyo inakubaliana na maneno ya muulizaji. Kwa Kiingereza yes na no hazimtazami muulizaji hata kidogo. Yes inaambatana na kitenzi kisichokanushwa, no na kilichokanushwa, hata swali liwe limeulizwa kwa mtindo gani: No, I haven't. Yes, I have.

Ukiwa katikati ya mazungumzo hutapata nafasi ya kupiga hesabu hiyo. Iache yes, iache na no, ujibu kwa kitenzi: “I haven't paid.” Zile kanuni za mabaharia zina utaratibu kama huo, maswali ya ndiyo au hapana hupewa majibu ya sentensi kamili. Na wewe unayeuliza, hasa ukiwa mhudumu, uliza bila ukanushi: “Have you paid?” Nusu ya utata inakufa papo hapo.

Tawi la dalili hii ni “isn't it?” inayobandikwa kila mahali kama sivyo? yetu: “You're coming, isn't it?” Kanuni ya vitabuni inataka urudie kitenzi kisaidizi kilichotumika: You're coming, aren't you? She can swim, can't she? They left, didn't they? Kwa I am hutumika aren't I, ajabu kama inavyoonekana. Amn't iko hai Ireland na Scotland, kwingineko utashangaliwa. Katika maongezi isn't it ya kila mahali si dhambi, na India wanaitumia, na vijana wa London wana innit yao. Ikikulemea, maliza kwa “right?” na uendelee na maisha.

Dalili: “Yes, I'm.” “I don't know where he's.”

Kifupisho kisicho na ukanushi hakikai mwisho wa sentensi, kwa kuwa mwisho ndipo mkazo unapotua. Andika Yes, I am. I don't know where he is. Vyenye not vinaruhusiwa: No, they aren't. Hakuna zaidi ya hapo.

Dalili: its na it's, your na you're, their na they're, whose na who's

Chanzo cha kawaida ni hoja inayoonekana ya akili kabisa: kama Juma's book ni kitabu cha Juma, basi it's colour ni rangi yake. Lakini viwakilishi vya umiliki havina ritifaa, ile koma ya juu: his, hers, ours, theirs, its. Kifungue na kosa litajitokeza: “the dog hurt it is leg”. “Your welcome” ikifunguliwa haifunguki, maana haina kilichobanwa. Inatakiwa you're welcome, yaani you are. Whose ni “ya nani”, who's ni who is au who has. Wenye lugha yao wanakosea hapa kila siku, kwa hiyo usione aibu, ila usiwaige.

Chanzo cha pili ni simu. Kibodi inayojisahihisha hupenda kugeuza its kuwa it's bila kukuuliza. Soma tena kabla ya kutuma.

Cha tatu kinaonekana kwenye mabango ya barabarani: “Egg's”, “Chip's”, “Hair cut's”. Wingi wa kawaida hauhitaji ritifaa.

Dalili: do'nt, is'nt, dont, na maneno yanayogeuka mengine

Sisi tunaijua ritifaa kutoka ng'ombe na ng'ambo. Pale ni sehemu ya herufi. Haikutoka mahali pa kitu. Ya Kiingereza hukaa kwenye pengo, palepale herufi ilipong'olewa. Katika do not iliyong'oka ni o ya not, hivyo don't. Katika is not ni ileile, hivyo isn't. Uliza “herufi gani haipo?” na uweke alama hapo. Won't itakusumbua kwa sababu inaonekana haitokani na will. Inatokana na wol, umbo la zamani la kitenzi hichohicho. Mwandishi Mwingereza Lewis Carroll alikuwa akiandika ca'n't na sha'n't zenye ritifaa mbilimbili, kwa hoja kwamba pengo ni mawili. Hoja nzuri, lakini hakuna aliyemfuata.

Kuiacha kabisa nako kuna mtetezi. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliandika dont na wont miaka mingi, akiibakiza ritifaa pale tu ambapo bila yake lingetokea neno jingine, kama he'll inayogeuka hell. Hapo ndipo kikagua-tahajia cha simu kinapokuangusha. Ill, well, were, wed, id, shell, cant na wont zote ni maneno halali ya Kiingereza, hivyo mashine haioni kosa. “Ill call you” inaweza kupita bila mstari mwekundu. Kwa maneno hayo, macho yako ndiyo kinga.

Jambo dogo kwa wanaotuma SMS kwa wateja wengi: ritifaa iliyonyooka imo katika herufi za kawaida za SMS, ile iliyopinda haimo. Kibodi ikiweka iliyopinda kwenye We're open today, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa herufi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe mmoja unatozwa kama miwili au mitatu. Ukiona bili imepanda ghafla, kagua ritifaa kabla ya kugombana na kampuni.

Dalili: hujui 'd au 's ni kifupi cha nini

Tazama neno linalofuata. 'd ikifuatwa na kitenzi kitupu ni would: I'd go. Ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi ni had: I'd gone. I'd better ni had, I'd rather ni would. Hizo mbili zikariri tu. Vitenzi kama put na come havibadiliki umbo hilo la tatu, kwa hiyo “I'd put it there” haiwezi kuamuliwa bila habari inayoizunguka. Usijilaumu, hata mwenyeji hurudi sentensi ya nyuma.

's ikifuatwa na -ing au sifa ni is. Ikifuatwa na been au got ni has. Katika let's ni us. He's gone inaweza kuwa yoyote kati ya is na has, na maana haitofautiani sana, kwa hiyo ipite.

“Could of” na “should of” zinatoka hapahapa: 've isiyo na mkazo husikika sawasawa na of isiyo na mkazo. Baada ya could, should, would, must na might andika have au 've. Of haikai hapo kamwe.

Dalili: barua yako inasikika kama gumzo, au maongezi yako yanasikika kama amri

Barua ya maombi ya kazi, tasnifu, ripoti ya ofisi: fungua vifupisho vyote. O'clock inabaki ilivyo, kwani of the clock hakuna anayeisema tena.

Upande wa pili husahaulika, na kwa watu wa huduma kwa wateja ndio unaouma. Asiyebana chochote akizungumza huonekana amekasirika. “You didn't send the form” ni taarifa. “You did not send the form” ni lawama, kwa sababu not iliyofunguliwa imepewa mkazo. Mteja anapandisha sauti na wewe hujui ulichomkosea. Kwenye simu, bana. Ukitaka kuonya kweli, ndipo ufungue: Do not touch that.

Wapi uache kujitibu

Mkataba, hati ya kiapo, maelezo ya viza, maelezo ya polisi na fomu ya ridhaa ya hospitali si mahali pa kujaribia sarufi. Tafuta wakili, au mkalimani anayetambuliwa na ofisi husika, na usiweke saini kwenye sentensi ambayo hukuweza kuifungua mwenyewe. Ukihojiwa kwa Kiingereza kupitia simu na anayekuhoji akakuuliza “You didn't sign, did you?”, jibu kwa sentensi nzima au omba mkalimani, “yes” tupu inaweza kuandikwa kinyume na ulichokusudia.

Kwa mwanafunzi aliyefanya yote haya na bado hasikii tofauti ya can na can't, mpime kwa Kiswahili. Msimamie nyuma, mtamkie pata na kata, saa na taa. Akizichanganya hizo pia, shida haiko kwenye Kiingereza. Apelekwe hospitali akapimwe masikio, na mwalimu amhamishie kiti cha mbele wakati majibu yanasubiriwa.